Lugha za JVM ukiacha Java na Kotlin: nani bado anazitumia, na kwa nini nyingi zimefia njiani?

MaweYaMwanza
Wakuu, habari za jioni.

Naomba tujadili hili bila kutukanana. JVM, mashine pepe inayoendesha programu za Java, ilianza na lugha hiyo mwaka 1995, lakini haikuishia hapo. Hesabu mwenyewe waliopanga humo ndani: Kawa, Jython, JRuby, Groovy, Scala, Clojure, Fantom, Gosu, Xtend, Ceylon, Golo, Frege, na wengine kibao. Zote zikishakompailiwa (kugeuzwa kutoka maandishi ya mtu) zinakuwa baitikodi ileile, yaani amri za mashine hiyo. Fungua faili lolote la .class kwa kihariri cha heksa (kinachoonyesha baiti zenyewe), baiti nne za mwanzo zitasomeka CAFEBABE, iwe limetoka kwenye Scala au kwenye Clojure. Mashine haijui wala haijali nani kaandika nini.

Sasa zunguka hapa mjini Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, uliza watu wanaandika nini juu ya JVM. Utajibiwa Java. Ukibahatika, Kotlin. Hizo nyingine kimya.

Dai langu: kilichoziua ni hicho hicho walichojivunia. Ukishaweza kuita maktaba yoyote ya Java (msimbo walioandika wengine), hujengi ya kwako. Usipojenga ya kwako, lugha yako inabaki kuwa mapambo ya maandishi juu ya Java. Mtu akichoka mapambo anarudi kwenye Java, hakuna alichopoteza.

Nipingeni.

KaranganaChai
Nimeweka kambi. Nawasalimu Kisukuma: mwadila bhose.

BintiPasiansi
Nakupinga mapema kabisa, mkuu. Kotlin nayo inaita maktaba za Java asubuhi mpaka jioni, mbona haijafa? Kama dai lako lingekuwa kweli, hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kuzikwa.

Sababu ni kihariri, programu ya kuandikia msimbo. Kotlin imetengenezwa na JetBrains, watu ambao biashara yao ni kuuza vihariri. Waliitangaza 2011, toleo 1.0 likatoka Februari 2016, na muda wote huo ulikuwa ukiiandika ndani ya IntelliJ, kihariri chao, inakukamilishia maneno, inakuonyesha kosa kabla hujakompaili, na unaweza kubandika msimbo wa Java ukageuzwa Kotlin papo hapo. Halafu Android Studio, kihariri cha programu za simu za Android kilichotangazwa 2013, kimejengwa juu ya IntelliJ hiyohiyo. Google walipoipitisha Kotlin rasmi kwa Android mwaka 2017, watu hawakuhitaji kufunga kitu kipya.

Chukua Ceylon sasa. Gavin King na wenzake wa Red Hat walianza kuizungumzia 2011 hiyohiyo, 1.0 ikatoka 2013. Kwa akili ilikuwa mbele: aina za muungano, thamani tupu inazuiwa na kompaila, moduli zimejengwa ndani ya lugha. Lakini kihariri chake kilikuwa cha Eclipse, mpinzani wa IntelliJ, kwa miaka, wakati watu wanahamia IntelliJ. Lugha bila kihariri ni mtumbwi bila kasia, utaelea lakini hufiki popote.

SatoMbichi
BintiPasiansi uko sawa, ila rekebisha kitu kimoja kabla watu hawajakinukuu. Android haina JVM. Mwanzo mashine yake ilikuwa Dalvik, na tangu Android 5.0 mwaka 2014 ni ART. Msimbo wako wa Kotlin unakuwa .class kwanza, halafu unageuzwa kuwa DEX, umbo la mashine hizo, ndipo simu inausoma. Ile CAFEBABE ya mleta uzi haifiki kwenye simu.

MaweYaMwanza
Asante SatoMbichi, umenipa silaha. Kwa hiyo lugha pekee iliyopaa ni ile iliyopata mashine NYINGINE ya kukimbilia. Binti, unasemaje?

BintiPasiansi
Nasema usikimbie swali. Upande wa seva Kotlin iko JVM kabisa. Spring, mfumo wa kujengea programu za seva za Java, iliikaribisha rasmi toleo la 5 mwaka 2017. Ofisini kwetu huduma zote mpya tunaandika Kotlin na hakuna simu yoyote hapo.

FundiMwaloni
Mimi nakuja na kisa, nadharia nawaachia nyie wasomi.

Niliwahi kuwaandikia wafanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kirumba mfumo wa mahesabu. Wasiojua: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa kazi inasimama, kwa hiyo hesabu haziendi kwa mwezi wa kalenda, zinaenda kwa giza. Giza likiisha ndipo watu wanakaa chini. Yanatolewa mafuta, chakula, matengenezo ya nyavu, halafu kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Ubishi ni kwamba kila tajiri ana mgao wake. Huyu anatoa gharama zote kwanza, yule mafuta anayabeba mwenyewe, mwingine nahodha anapewa ziada.

Niliandika kwa Clojure, lugha ya mabano mengi. Sheria za mgao nikaziweka kama data tu, ramani (jozi za jina na thamani) ndani ya ramani. Tajiri akija na utaratibu mpya sibadilishi programu, naongeza mistari michache. Unafungua dirisha la majaribio, programu ikiwa inakimbia, unaandika mfano wa hesabu ya giza lililopita, mzee anaona jibu palepale, anasema "hapo kwa nahodha siyo hivyo", unarekebisha, anaona tena. Sijawahi kupata raha hiyo kwenye Java.

Na kwa mleta uzi: risiti zilikuwa zinachapwa kwa maktaba ya Java, hifadhidata dereva ya Java, ripoti za PDF maktaba ya Java. Bila huo mkopo nisingemaliza.

Kilichotokea ni kwamba nilipata kazi nyingine, nikatafuta kijana wa kumwachia. Nimezunguka. Wanaojua Java wengi, wanaojua PHP wengi zaidi. Wa Clojure hakuna. Kila nikimfungulia mtu faili anaona mabano tu anafunga laptopu. Mwisho mfumo ukaandikwa upya kwa PHP na mtu mwingine. Kwa hiyo kwangu mimi sababu ni watu. Siyo mashine, siyo kihariri.

KaranganaChai
"Anaona mabano tu anafunga laptopu" 😂😂 Nimecheka mpaka konda kaniuliza kuna nini.

MzeeWaPanchi
Vijana mnazungumza kama vile historia ilianza na Android. Wazo la mashine pepe moja na msimbo wa kati ni la zamani. Miaka ya 1970 kulikuwa na UCSD Pascal na p-code yake, msimbo unaandikwa mara moja unakimbia kwenye kompyuta aina mbalimbali. Sun, kampuni iliyotoa Java, hawakuvumbua, walisambaza.

Nakuja kwenye hoja. Hakuna aliyegusa kiini hapa. JVM haikutengenezwa kuwa nyumba ya lugha nyingi. Ilitengenezwa kwa ajili ya Java, wengine wakaingia kwa mlango wa uani. Mtaona kwenye mambo matatu.

Moja, miito ya fanksheni. Java inajua aina za vitu wakati wa kukompaili. Ruby na Python hazijui mpaka programu ikimbie. Jim Hugunin alianza Jython 1997 (wakati huo ikiitwa JPython), na kwa zaidi ya miaka kumi watu wa lugha za namna hiyo walikuwa wanapita njia za mzunguko ili mashine iwaelewe. Amri ya invokedynamic, inayoacha lugha ijiamulie mwito programu ikiwa inakimbia, iliingia kwenye Java 7, mwaka 2011. Charles Nutter wa JRuby ni mmoja wa walioipigania. Golo, ile lugha ndogo ya Julien Ponge kule chuo cha INSA Lyon Ufaransa, ilijengwa makusudi kuizunguka amri hiyo.

Mbili, fanksheni inayojiita yenyewe mwishoni. Lugha za kifanksheni zinategemea hiyo badala ya kitanzi. JVM haiikunji, kila mwito unaongeza tabaka kwenye staki (kumbukumbu ya miito inayosubiri) mpaka staki inafurika. Ndiyo maana Clojure ina recur, Scala ina alama ya tailrec, Kotlin vilevile. Ni viraka hivyo.

Tatu, jeneriki, yaani kutaja orodha imebeba vitu vya aina gani. Java 5 ya 2004 iliziingiza kwa kuzifuta baada ya kukompaili. Wakati wa kukimbia, orodha ya maneno na orodha ya namba hazitofautiani. Kila lugha iliyotaka aina kali zaidi imelazimika kubeba taarifa hizo yenyewe. Ceylon ilifanya hivyo, kwa gharama.

Kwa hiyo usishangae wageni kuugua.

SatoMbichi
Mzee umenena. Naongeza la nne: methodi (fanksheni) moja haiwezi kuzidi baiti 65,535 za baitikodi. Anayeandika Java kwa mkono hafiki huko. Kompaila ya lugha nyingine inayozalisha msimbo kwa wingi inafika.

FundiMwaloni
Nimefika huko mimi! Niliweka orodha ya bei za dagaa, sato, sangara na mabondo kwa madaraja yote kama ramani moja kubwa ndani ya faili la msimbo. Clojure ikanijibu "Method code too large!". Nikakaa nayo usiku mzima nikidhani RAM. Dawa ilikuwa kuhamisha bei kwenye faili la nje na kulisoma programu ikianza. Mpaka leo SatoMbichi anaponipa namba ndiyo naelewa mpaka ulikuwa wapi.

BintiPasiansi
Mzee wa Panchi, shikamoo. Lakini Scala imepita kwenye hayo yote ikafika mbali. Martin Odersky kaitoa 2004 kule chuo cha EPFL Uswisi. Twitter wameitumia, Spark ya kuchakata data nyingi imeandikwa nayo, Kafka ya kusafirisha data ilianza nayo. Mashine ileile, kasoro zilezile. Kwa nini haikuugua?

MzeeWaPanchi
Marahaba binti. Iliugua, uliza wanaoitumia.

Ukara_Online
Nimeitwa. Mimi natumia Scala kila siku, kazi ya mbali, kuchakata data kwa Spark. Ugonjwa upo na nitawaonyesha ulipo.

Tazama jina la maktaba yoyote ya Scala, mwishoni utaona _2.11, _2.12 au _2.13. Hiyo ni namba ya toleo la Scala lililoikompaili. Maktaba ya 2.11 haikubali kukaa na programu ya 2.12. Kwenye Java unachukua faili la jar (maktaba iliyofungashwa) la miaka kumi iliyopita linafanya kazi. Kwenye Scala 2 ulikuwa unapandisha toleo, halafu unasubiri kila maktaba unayoitegemea nayo ipande. Moja ikichelewa, wote mmekwama. Miradi mingi ilibaki nyuma kwa sababu hiyo tu. Scala 3 ilitoka Mei 2021 ikijaribu kutibu, lakini wengine walikuwa wameshahama.

Kwa hiyo mie siilaumu JVM. JVM imetunza utangamano wa miaka karibu 30. Ni lugha zenyewe zilivunja ahadi.

MaweYaMwanza
Ukara, wewe uko Ukara kweli au ni jina tu?

Ukara_Online
Nyumbani Ukara, mwili uko Buzuruga, mtandao hauna kisiwa.

KaranganaChai
Tukiwa kwenye visiwa: Java ni kisiwa Indonesia. Kotlin ni kisiwa karibu na St. Petersburg. Ceylon ndiyo Sri Lanka ya zamani. Hawa jamaa wana nini na visiwa? Sisi tuna Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Saanane, hatujaitwa hata lugha moja.

Kijana_Nyegezi
Saanane itakuwa lugha nyepesi, unaiona yote ukiwa umesimama Capripoint.

SatoMbichi
Ukerewe itakuwa nzuri ila kukompaili inabidi usubiri kivuko.

MzeeWaPanchi
Rudini kwenye mada.

Jemedari_Ilemela
Ngoja nilete maelezo mengine ambayo naona mnayaruka. Lugha ndogo ziliishi kwa sababu Java ilikuwa imelala. Java 6 ilitoka mwisho wa 2006, Java 7 katikati ya 2011. Hapo katikati Oracle wakainunua Sun (Januari 2010). Tazameni Groovy 1.0, Clojure, Scala kuchangamka, Ceylon na Kotlin kutangazwa, vyote vimeangukia dirisha hilohilo au karibu yake. Watu walikuwa na njaa.

Halafu Java ikaamka. Lamda (fanksheni zisizo na jina) zilikuja na Java 8 mwaka 2014. var (kutangaza kitu bila kutaja aina yake) ilikuja 2018 na toleo la 10. Rekodi (njia fupi ya kuandika vibeba data) zikakamilika toleo la 16, 2021. Nyuzi nyepesi (za kuendesha kazi nyingi kwa pamoja) zikaja na Java 21, Septemba 2023. Kila kilichokuwa kinakufanya uende Xtend au Groovy, sasa kiko nyumbani. Xtend hasa, ile ilikuwa Java yenye maneno machache. Java yenyewe ikapunguza maneno, Xtend ikabaki na nini?

Lamda za Java 8 zenyewe zinapita kwenye ile invokedynamic aliyosema Mzee. Wageni walipigania mlango, mwenye nyumba ndiye akautumia kuliko wote.

MaweYaMwanza
Hilo linaniunga mkono.

Jemedari_Ilemela
Halikuungi mkono hata kidogo. Wewe umesema ziliuawa na mkopo wa maktaba. Mimi nasema aliyewakopesha kanunua shati kama lao.

DadaWaJenkins
Naona mnafanya matanga ya watu walio hai. Nani kasema Groovy imekufa? Mwenye mradi wa Android wa miaka ya nyuma afungue faili la build.gradle, la Gradle, chombo kinachojenga mradi. Hiyo ni Groovy. Mwenye seva ya Jenkins, inayojenga na kupima programu kiotomatiki, afungue Jenkinsfile. Hiyo nayo ni Groovy. Mnaiandika kila siku na hamjui mnaiandika.

Ni kweli imepata misukosuko. Kampuni ya Pivotal iliacha kuifadhili 2015, ikahamia taasisi ya programu huria ya Apache mwaka huohuo. Na tangu 2023 Gradle wanapendekeza Kotlin kwa miradi mipya. Lakini ukisema hakuna anayetumia, mimi leo nimeshinda na kosa la Groovy kutwa nzima. Mabano yaliyosahaulika ndani ya bomba la Jenkins (mlolongo wa hatua zake), na ujumbe wa kosa wenye mistari mia na ushee, jina la faili langu liko mstari mmoja tu, katikati.

SatoMbichi
Halafu James Strachan aliyeianzisha Groovy 2003 alikuja kuandika mwenyewe 2009 kwamba angeonyeshwa kitabu cha Scala mapema, huenda asingeianzisha kabisa. Baba mzazi huyo.

DadaWaJenkins
Mtoto anaendelea kulipwa mshahara, baba aseme atakavyo.

Kijana_Nyegezi
Dada wa Jenkins, hiyo Gradle unayoisifu imenimalizia bando la wiki. Nimefungua mradi mmoja wa darasani, ikaanza kushusha maktaba. Nikaangalia chini kwenye mstari wa maendeleo, jina linabadilika, linabadilika, faili baada ya faili, halafu umeme ukakatika. Uliporudi ikaanza na nyingine. Mimi niko mwaka wa pili, naombeni mnisaidie: nijifunze ipi katika hizi? Mwalimu wetu anasema Java inatosha.

Jemedari_Ilemela
Mwalimu yuko sahihi.

FundiMwaloni
Jifunze Clojure hata kama hutaajiriwa nayo. Itakubadilisha unavyofikiri kuhusu data.

Ukara_Online
Scala, kama unataka dola.

BintiPasiansi
Kotlin. Usiwasikilize hao, wanakufundisha upweke.

Kijana_Nyegezi
Asanteni. Nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokuja.

Wakili_wa_Misimbo
Mmesahau kesi. Oracle waliishtaki Google 2010 kwa kutumia Java ndani ya Android. Kesi imeisha Aprili 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikiipa Google ushindi. Katikati ya kesi, 2017, Google wanaikumbatia Kotlin. Mnadhani ni bahati? Kotlin haikupaa kwa kihariri wala kwa utamu. Ilipaa kwa sababu kampuni kubwa ilitaka kumkwepa mwenye Java. Lugha nyingine hazikupata adui wa kuwafaa.

SatoMbichi
Hoja tamu ila ina tundu. Kesi ilihusu majina na mpangilio wa API za Java (njia za kuita maktaba zake), mistari kama 11,500 hivi ya tamko. Kotlin kwenye Android inaita API zilezile. Ukihama lugha hujahama API. Kama lengo lilikuwa kukwepa mahakama, walichagua njia isiyokwepa chochote.

Wakili_wa_Misimbo
Kisheria ndiyo. Kisiasa ni jambo jingine.

SatoMbichi
Siasa siijibu mimi.

Bukoba_Kwetu
Nawasalimu kutoka upande wa pili wa ziwa. Nimesoma uzi wote, mnazungumzia JVM kana kwamba ndiyo mashine ya pamoja pekee duniani. Njooni BEAM.

BEAM ni mashine ya Erlang, lugha iliyoanza maabara za Ericsson 1986 chini ya Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, ikatolewa chanzo huria 1998. Juu yake sasa kuna Elixir ya José Valim wa Brazili, kuna LFE ambayo ni Lisp (lugha ya mabano kama Clojure) ya huyohuyo Virding, kuna Gleam iliyofika 1.0 Machi 2024 ikiwa na aina kali zinazokaguliwa na kompaila. WhatsApp ilijengwa kwa Erlang, hilo mnalijua.

Tofauti yake na JVM ni hii. JVM inakupa maktaba. BEAM inakupa tabia. Unazalisha michakato midogo kwa maelfu, kila mmoja na kumbukumbu yake, haigusani, inatumiana ujumbe tu. Mmoja ukianguka, msimamizi wake anauinua, wengine hawajui hata kama kuna msiba. Lugha yoyote ukiiweka pale inarithi hiyo. Ndiyo maana Elixir haikuwa mapambo juu ya Erlang, mtu anakuja Elixir akiifuata mashine.

Sisi tuna mfumo wa kupokea meseji za wakulima wa kahawa, kila meseji mchakato wake. Meseji mbovu inakufa peke yake. Kwenye mfumo wa zamani meseji mbovu moja ilikuwa inasimamisha foleni nzima mpaka mtu aamke usiku aizime na kuiwasha.

MzeeWaPanchi
Bukoba, umeeleza vizuri lakini umesema bila kujua kile nilichosema mimi juu. Mashine ina maoni. BEAM ina maoni kuhusu ujumbe na kuanguka, lugha zinazokubali maoni hayo zinastawi. JVM ina maoni ya Java, na lugha zinazofanana na Java ndizo zinastawi. Kotlin inafanana. Frege ni Haskell, lugha ya kifanksheni tupu, iliyovalishwa nguo za JVM, haifanani, mnaijua wangapi hapa?

BintiPasiansi
Clojure haifanani na Java hata chembe na bado ipo. Nubank ya Brazili, benki yenye wateja wa mamilioni, imejengwa nayo mpaka 2020 wakainunua kampuni ya Cognitect iliyokuwa inaitunza. Hapo unasemaje Mzee?

MzeeWaPanchi
Nasema Rich Hickey, aliyeianzisha Clojure, aliikubali mashine. Hakutaka kuificha. Clojure inakuambia wazi: hii ni Java chini, ita methodi zake. Frege inajaribu kukusahaulisha.

Jemedari_Ilemela
Au Nubank walikuwa na hela ya kufundisha watu, FundiMwaloni hakuwa nayo. Mwisho wa maelezo.

FundiMwaloni
Hapo umenigusa.

Mdau_wa_Musoma
Mimi napita tu, ila kwa upande wa .NET, mashine pepe ya Microsoft, nako ni hivyohivyo. Hugunin huyohuyo wa Jython alianzisha IronPython, akahamia nayo Microsoft. Kulikuwa na Boo, kulikuwa na Nemerle. Iliyobaki imara ni F# ya Don Syme, na Syme ni mmoja wa watu walioweka jeneriki ndani ya mashine ya .NET yenyewe, zisizofutwa. Yaani aliyetengeneza lugha alikuwa na mkono ndani ya mashine. JetBrains hawakuwa na mkono ndani ya JVM wakafaulu, Red Hat walikuwa karibu zaidi na OpenJDK, mradi huria wa Java yenyewe, wakashindwa. Sasa tufuate lipi?

SatoMbichi
Na msisahau walio ndani ya nyumba wanaweza kufukuzwa. Nashorn ilikuwa JavaScript ndani ya Java yenyewe, ilikuja na Java 8 mwaka 2014, ikaondolewa Java 15 mwaka 2020. Jython imebaki Python 2.7, ambayo Python wenyewe waliacha kuitunza mwanzoni mwa 2020. Hizi siyo suala la kihariri wala mashine. Lugha mama nje ya JVM inakimbia kila mwaka, nakala iliyo ndani inatunzwa na watu wachache wa kujitolea. Haiwezi kufika.

MaweYaMwanza
Ila JRuby inafika.

SatoMbichi
JRuby kwa miaka mingi ilikuwa na watu wanaolipwa kuitunza.

DadaWaJenkins
Kuna kitu kimoja cha kawaida hamjakitaja, labda kwa sababu mna mashine nzuri. Kuwaka. Kwenye kompyuta ya GB 2 kule kwenye zahanati au duka, JVM yenyewe inachukua muda kuamka, halafu Clojure inaanza kujipakia juu yake. Mhudumu anabofya, hakuna kinachotokea, anabofya tena, sasa zimefunguka mbili.

FundiMwaloni
Kweli kabisa, karani wa Kirumba alikuwa anaiwasha kwanza halafu anakwenda kupokea magunia, akirudi iko tayari. Siku hizi kuna GraalVM, unakompaili kuwa faili la mashine moja kwa moja, na kuna Babashka ya kuandikia skripti za Clojure zinazowaka papo hapo. Wakati ule sikuwa nazo.

MaweYaMwanza
Lakini ukikompaili kwa GraalVM kuwa faili la mashine, JVM iko wapi tena? Mnaona? Kila dawa mnayoleta ni kutoka nje ya nyumba.

Ukara_Online
Spark iko ndani. Kazi yangu iko ndani. Kodi ya nyumba nailipa kwa kilicho ndani.

BintiPasiansi
Mleta uzi ukipewa jibu lolote linakuunga mkono. Wewe ungegombea udiwani.

Kijana_Nyegezi
Samahani wakuu, swali dogo la kiutendaji. Nimeamua kuanza na Kotlin kwa sasa. Kuna mtu ana folda ya .gradle iliyojaa, ninakili kwenye flashi nitumie na --offline? Bando sina.

DadaWaJenkins
Ninayo. Hakikisha toleo la Gradle kwenye mradi wako ni lilelile la kwangu, vinginevyo itataka kushusha upya. Nitumie faili la gradle-wrapper.properties PM niliangalie. Njoo na flashi ya GB 16 au zaidi.

KaranganaChai
Na mwenye ya sbt kwa ajili ya Scala?

Ukara_Online
Ya sbt usije na flashi. Njoo na diski.

Jemedari_Ilemela
Na chakula cha mchana.